Siku nane melini na mtoto mwenye aleji ya korosho

Nianze na aiskrimu ya mama mkwe. Kila nikisimulia hii safari yetu ya meli ya kitalii watu wanataka niruke mpaka usiku wa sindano, lakini mi naona ule usiku ulianzia hapa, kwenye aiskrimu.

Mezani tulikuwa watano. Mimi na mume wangu, kijana wetu wa miaka tisa mwenye aleji ya karanga na korosho (na pistachio pia, manake korosho na pistachio ni ndugu, mwili ukikataa moja mara nyingi unakataa na nyingine), mdogo wangu wa kike ambaye ana seliaki kwahiyo hagusi ngano, shayiri wala rai (nafaka jamii ya ngano), halafu mama mkwe ambaye maziwa yanamsumbua tumbo. Kwenye fomu ya meli tuliwaandika wote watatu. Sasa usiku wa pili weita wetu kahangaika weee kumpatia mama chakula kisicho na maziwa hata tone, mara mama akaona aiskrimu inapita kwenda meza ya jirani, akasema na mimi niletee hiyo, kidogo hainidhuru. Na kweli haikumdhuru. Weita akatabasamu akaleta. Kesho yake asubuhi namuona weita yuleyule anaweka kikapu cha mikate kikigusana na sahani ya mdogo wangu, nikamuuliza imekuwaje, akajibu kwa heshima kabisa, "Samahani mama, nilidhani na yeye hula kidogo kidogo."

Sikumkasirikia. Alikuwa amesoma meza yetu kwa macho yake, na macho yake yalimwambia familia hii ikisema haili kitu inamaanisha haipendelei. Mchana huo nikamkalisha mama mkwe, nikamwambia mama, nakuomba, tukiwa mezani usiombe chochote cha maziwa, ukitaka aiskrimu baba watoto atakuletea kule juu kwenye deki, huku chini weita akikuona unakula ulichokataa atadhani na mjukuu wako ni hivohivo. Alinyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, hilo sikuliwaza kabisa." Hakugusa tena, na mezani akawa yeye wa kwanza kumuuliza weita kama sahani ya mtoto imeandaliwa peke yake.

Haya mambo matatu huwa yanatiwa kapu moja na hayafanani. Maziwa ya mama mkwe ni suala la laktosi, ile sukari ya maziwa, tumbo halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, atavimbiwa atakimbilia chooni basi, kuna vidonge vya laktesi, ndo hicho kimeng'enya, anameza kabla ya kula na jibini gumu lililokaa muda mrefu halimsumbui kabisa. Mtu mwenye aleji ya maziwa yenyewe ni habari nyingine, yeye anapigwa na protini, na maziwa yale yanayoandikwa hayana laktosi yana protini ileile kwahiyo ukimpa umemdhuru. Seliaki nayo sio aleji, ni kinga ya mwili inaushambulia utumbo mtu akila gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai, mdogo wangu anaweza asivimbe wala asikohoe na bado vipande vya mkate vikamlaza siku tatu na kumuumiza ndani kwa ndani, ndo maana kipimo cha chakula kuitwa hakina gluteni ni miligramu 20 tu kwa kilo. Na kijana wangu ni dakika. Yaani dakika, sio masaa. Kwahiyo nikajifunza kuacha kusema "tuna aleji tatu". Nilianza kuwataja mmoja mmoja nikinyoosha kidole: huyu atakosa kupumua, huyu ataumwa siku kadhaa hata kwa punje, huyu tumbo litamsumbua. Weita akielewa tofauti anajua nguvu yake aipeleke wapi.

Turudi nyuma kidogo kwenye maandalizi, hapa nitaeleza haraka haraka. Fomu ya mahitaji maalumu tuliijaza miezi miwili kabla, nikaomba wanijibu kwa maandishi, nikachapisha majibu nikabeba. Tulichagua kula saa ileile kila usiku kwenye meza ileile badala ya ule utaratibu wa kuja muda wowote, kwasababu ukiwa na meza yako unakuwa na weita wako. Tuliangalia pia ratiba ya meli ina siku ngapi za kuwa baharini tu bila kutia nanga, tukachukua yenye chache. Zahanati ya meli ina daktari na manesi na dawa za dharura, ila kazi yake ni kumtuliza mgonjwa mpaka afikishwe hospitali ya nchi kavu, na helikopta haifiki popote tu, ina umbali wake wa mwisho na hali ya hewa ikichafuka haiji. Bima tuliikagua kama inakubali ugonjwa ambao tayari unao na kama inalipia kusafirishwa kwa dharura, hayo ni maswali mawili tofauti, bima yetu ya kwanza ilikuwa na moja haina jingine tukaibadilisha.

Halafu kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Siku ya kupanda meli masanduku unayakabidhi kwa wapagazi pale bandarini na yanakufikia chumbani jioni, wengine wanayapata usiku kabisa. Mtu akiweka sindano za adrenalini, zile za kumuokoa mtu aleji ikimshika vibaya, kwenye sanduku amekaa masaa sita bila dawa kwenye meli ngeni. Zetu zilikuwa begani kwangu, mbili, na nyingine mbili begani kwa mume wangu, pamoja na barua ya daktari. Na mlo wa kwanza, yule mchana wa siku ya kupanda, ndo mbaya kuliko yote manake watu wote wanamiminika kwenye bufe, hujaonana na hedi weita, yaani mkuu wa weita, hujui nani ni nani. Sisi tulikula vyakula vyetu vya pakiti vilivyofungwa kiwandani, tumekaa zetu kwenye viti vya deki. Meli yetu iliruhusu kuingia na pakiti zisizofunguliwa, tuliuliza kabla.

Tulipomaliza kula nikaenda mwenyewe mgahawa mkuu kabla haujafunguliwa, nikaomba kuonana na hedi weita. Nilimkuta ana karatasi ya majina na jina letu lipo. Nikafurahi sana kuona lipo, na hapo ndo nilikosea, ntafika.

Utaratibu wao ni mzuri, lazima niseme. Kila usiku baada ya chakula hedi weita anakuja na menyu ya kesho, mnachagua pamoja, anasema hii sosi ina unga wa ngano tutaitengeneza kwa wanga wa mahindi, hii supu ya samaki tuiache, chipsi zisiliwe kwasababu zinakaangwa mafuta yale yale ya samaki wa unga. Sosi ya soya hata mimi nilikuwa najua ni soya tu, kumbe nyingi zina ngano. Kesho yake chakula kinakuja kimefunikwa peke yake kina kijitikiti. Mdogo wangu alilia siku ya kwanza, sio kwa uchungu, ni kwasababu miaka mingi hajakaa mgahawani akala sahani nzima bila kuipekua kwa uma.

Bufe tuliikwepa karibu yote. Mpishi wa bufe anaweza kupika vizuri sana, shida ni vijiko. Kijiko kinatoka kwenye saladi yenye korosho kinaingia kwenye wali, na aliyefanya hivo ni abiria mwenzako ambaye hana habari, tena mara nyingi mtoto. Tulipolazimika tulikwenda dakika ileile wanafungua, na tukamuomba mpishi atupakulie kutoka trei ya nyuma ambayo haijatolewa nje. Wanakubali. Hawajawahi kukataa hata mara moja.

Na sanitaiza! Kwenye meli kila mlango wa mgahawa kuna mtu amesimama na sanitaiza, kwa ajili ya magonjwa ya kuharisha, na watu wanapakaa wanaona mikono imetakata. Ile jeli inaua vijidudu vingi, lakini protini ya karanga sio kijidudu, inabaki palepale mkononi inasambazwa tu. Kinachoitoa ni sabuni na maji, au zile tishu zenye maji ukisugua vizuri. Kwahiyo sisi tulinawa, halafu meza tunaifuta wenyewe na viti pia, hasa sehemu za kushikia. Watu walikuwa wanatuangalia. Tulizoea.

Basi siku nne zikapita hivo, safi kabisa. Kijana alinenepa uso kwa furaha. Na mi nikaanza kupumua, nikaanza kuacha kuuliza swali la mwisho, lile la "naomba uniambie tena, hii haina nini".

Siku ya tano tukaenda kula mgahawa mwingine wa humohumo melini, ile ya kulipia pembeni, ilikuwa siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Nilipofika nikasema tuna aleji, yule dada wa mlangoni akabonyeza kompyuta akasema "ndio mama, tunaiona kwenye mfumo". Nikamwamini mfumo. Ikaja supu ya mboga, nzito, nyeupe, nzuri. Ilikuwa imekolezwa kwa korosho za kusaga badala ya krimu, na hili lazima nilisisitize, jikoni wanaposikia kuna mtu hali maziwa wanaweza kuweka korosho kwa nia njema kabisa. Yaani tahadhari ya mama mkwe ndo iliingia kwenye bakuli la mjukuu wake.

Vijiko viwili. Akasema "mama, mdomo unawasha". Nikaona ngozi ya shingo inainuka mabaka. Akaanza kukohoa kile kikohozi kikavu cha mtu anayetaka kusafisha koo, na hapo mkono wangu, naandika hili kwa uchungu, ulikwenda kwenye chupa ya dawa ya mzio ya kunywa. Sio kwenye sindano. Mdogo wangu alinishika mkono akasema, "Dada, sindano. Sasa hivi." Zile dawa za kunywa zinapunguza muwasho na mabaka, hazifungui njia ya hewa wala hazipandishi presha iliyoshuka, nilikuwa najua, nimefundishwa, nimewafundisha wengine, na bado mkono ulikwenda kwenye kitu chepesi kwasababu sindano inatisha mama kuliko mtoto.

Nikampiga pajani upande wa nje juu ya suruali, inapita kwenye nguo haina shida. Mume wangu keshapiga simu ya dharura, namba tuliiangalia siku ya kwanza kwenye simu ya chumbani. Tukamlaza chini palepale sakafuni miguu juu ya kiti. Alitaka kuinuka akatapike chooni nikamkatalia, nikamgeuza ubavu akatapika hapohapo, manake mtu mwenye shambulio la namna hii akisimama ghafla presha inaweza kuanguka ikawa balaa. Wale wa zahanati walifika na machela. Sindano ya pili nilikuwa nayo mkononi kabisa, maelekezo yetu ni kwamba dakika tano mpaka kumi na tano bila nafuu unapiga nyingine, lakini kwenye dakika ya nane hivi kikohozi kikalegea na sauti yake ikarudi.

Zahanati walimuweka mpaka usiku wa manane wakimpima. Nilitaka kumrudisha chumbani mapema, alikuwa anacheka na manesi, daktari akanieleza kwamba shambulio linaweza kurudi masaa kadhaa baadaye hata bila kula tena kile kitu, kwahiyo nikae. Nikakaa. Na hata baada ya kuruhusiwa tulilala kwa zamu.

Kesho yake hedi weita na mkuu wa wapishi walikuja chumbani kwetu. Niliomba wanionyeshe huo mfumo umeandika nini. Ulisema: karanga, maziwa, gluteni. Korosho ilikuwa mstari wa pili, kwenye maelezo, ambako lazima ubonyeze ndo ufunguke. Na majina yetu watano yalikuwa yamepewa ile orodha kama kundi, hakuna palipoandikwa nani ana nini. Mgahawa mkuu walikuwa wanajua kwasababu hedi weita alikuwa anajua, sio kwasababu kompyuta ilijua. Siku nne zote aliyetulinda ni kichwa cha mtu mmoja, na usiku tulipohama meza yake tulimuacha na hicho kichwa chake.

Hili la karanga na korosho limenifundisha maneno. Karanga ni jamii ya kunde, inaota ardhini, korosho na lozi na pistachio zinazaa juu ya miti, na sheria nyingi zinaziorodhesha mbali mbali. Marekani wana orodha ya vyakula 9 vikuu vya aleji (ufuta uliongezwa 2023), Ulaya wana 14, wameongeza vitu kama haradali, mboga wanayoita selari, na lupini ambayo ni mbegu jamii ya kunde. Marekani kwenye orodha yao kuna ngano tu, Ulaya wanasema nafaka zenye gluteni, kwahiyo pakiti inayotaja ngano peke yake haimwambii mdogo wangu kitu kuhusu shayiri. Na meli inapakia chakula nchi hii, kinapikwa na watu wa nchi kumi, mnakila mkiwa maji ya nchi ya tatu, usidhani neno mnalielewa sawa. Sasa hivi sisemi tena jina la kundi, nataja kimoja kimoja: karanga, korosho, pistachio. Halafu namuuliza aniambie yeye sahani imepikwa na nini, simuulizi "hii ni salama?" manake swali la salama jibu lake ni ndio, mtu anataka kukufurahisha.

Nilitengeneza na kadi usiku huohuo kwa mkono, kila mtu ya kwake, jina, picha tuliyokata kwenye nakala za pasipoti, anachokatazwa na kitakachompata. Mkuu wa wapishi akazibandika jiko zote, pamoja na la mgahawa wa pembeni na la deki ya bwawa. Alisema mwenyewe kwamba picha inamsaidia kuliko namba ya chumba. Klabu ya watoto nayo nikarudi kuuliza vizuri, nikagundua wale vijana wanaosimamia watoto wanaruhusiwa kuita zahanati lakini sindano hawapigi. Hilo sikuwa nimeuliza siku ya kwanza. Kuanzia hapo akienda kucheza mmoja wetu anakaa nje ya mlango na begi.

Bandarini mambo ni tofauti kidogo. Matembezi yanayouzwa melini mengi yana chakula cha mchana ndani yake na kile chakula hakipikwi na meli, ukiwauliza wa melini hawana majibu. Tulichukua ya nusu siku yasiyo na mlo na yasiyokwenda mbali na mji wenye hospitali. Tulibeba pakiti zetu zilizofungwa, manake matunda na nyama bandari nyingi hawaruhusu ushuke navyo, kuna faini, na mdogo wangu alinyang'anywa tufaha mara moja mlangoni. Sindano zinatakiwa joto la kawaida la chumba, jua kali linaziharibu na kwenye friji pia haziwekwi, kwahiyo zilikaa kwenye kimfuko cha kuzuia joto bila barafu, ndani ya begi, begi halilazwi mchangani. Mara mbili nilimuona mume wangu kaliacha kwenye kiti cha basi juani nikalifuata mbio.

Usiku wa mwisho tulirudi meza yetu. Weita wa aiskrimu alikuja ameshika sahani ya kijana kwa mikono miwili, akasimama, akaanza kutaja vilivyomo kimoja kimoja bila kuulizwa, mpaka chumvi. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mafuta?" Weita akasema subiri, akarudi jikoni na sahani yake. Tulingoja kama dakika saba hivi. Akarudi akasema mafuta ya alizeti, nimeiona chupa mwenyewe.

Asubuhi ya kushuka hatukula mgahawani kabisa. Weita wanahangaika na zamu, bufe imejaa, masanduku yameondolewa tangu usiku. Sindano tatu zilizobaki nilikuwa nazo mimi, tukakaa kwenye ngazi za deki ya tano tunakula biskuti zetu za pakiti, mama mkwe anasoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti kwa sauti kabla hajampa mjukuu wake, mpaka namba ya kundi letu ikaitwa.